Unajua Kijapani bila kukisoma shule? Hivi ndo unavyokidaia krediti chuo Marekani

Kama Kijapani umekipatia kwenye anime, kwa bibi aliyekulea au kwenye madarasa ya Jumamosi ulikokuwa unaburutwa na wazazi, na sasa unasoma chuo Marekani, usikubali kulipia kozi ya mwaka wa kwanza ukakae unaimba a-i-u-e-o. Krediti (zile pointi za kozi zinazohesabiwa kwenye digrii) zipo, ila hazikufuati, unazifuata wewe.

Kwanza tutenganishe vitu viwili maana hapa ndo wengi wanaliwa. Kuna mtihani wa kupangiwa darasa na kuna mtihani wa krediti. Ule wa kupangiwa unakwambia tu uanzie muhula wa tatu mfano, basi, kwenye transkripti (rekodi yako ya masomo chuoni) haiingii kitu, yaani umeruka kozi mbili lakini zile krediti bado unadaiwa na itabidi uzijaze na somo jingine. Vyuo vingine vina utaratibu mtamu kidogo: ukianzia juu na hiyo kozi ukaipasua, mara nyingi wanataka B kwenda juu, wanakuandikia na za kozi ulizoruka. Kwa hiyo ukienda idara ya lugha usiulize "naweza kuruka?", uliza "nikiruka, krediti naandikiwa?" Na uliza kwa imeili, maneno ya dirishani hayana ushahidi.

Ukiwa bado sekondari, angalia AP Japanese, mtihani wa ngazi ya chuo unaofanywa na wanafunzi wa sekondari. Darasa lake si lazima ulisome, unaruhusiwa kufanya mtihani tu, shida ni kupata shule itakayokubali kukufanyisha, so anza kuulizia mapema kabisa mwaka wa masomo ukianza, mtihani wenyewe ni Mei. Alama ni 1 mpaka 5, vyuo vingi vinaanzia 3 na vingine vinataka 4 au 5. Unafanyia kwenye komputa, kanji (zile herufi zenye asili ya Kichina) unachapa, huandiki kwa mkono, kwa hiyo kama hujazoea kuchapa Kijapani zoea sasa hivi.

Ukiwa chuo tayari, kuna OPI, mtihani wa kuongea wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha la Marekani. Hii ni maongezi ya simu na mtu kabisa, dakika 15 hadi 30, anakupandishia maswali mpaka ukwame. Usipaniki ukikwama, ndo anachotafuta, anataka ajue dari lako liko wapi. Ila nyie wa anime nawaambia mapema, ukimwita mtahini "omae" ("wewe" ya kihuni) umejimaliza, kajifunzeni desu na masu, yaani lugha ya adabu, kwanza 😅. Shirika la ACE, baraza la elimu la Marekani, hupendekeza krediti kwa matokeo rasmi ya OPI, lakini ni pendekezo tu, chuo chako kinaweza kukataa. Kuna na STAMP, mtihani mwingine wa lugha, inapima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. CLEP, mitihani ya kupata krediti bila kusoma kozi, usihangaike nayo, lugha zake ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu.

Sasa JLPT, mtihani wa kimataifa wa kiwango cha Kijapani, ambayo ndo kila mtu anaijua. N5 ya chini mpaka N1 ya juu, na Marekani inafanyika mara moja tu kwa mwaka, Desemba. Cheti kizuri sana kwa kazi, ila ni maswali ya kuchagua mwanzo mwisho, huongei wala huandiki, ndo maana kuna vyuo vinaitumia kukupangia darasa tu na krediti hakuna. Usilipe ada kabla msajili wa chuo hajakujibu.

Uliza pia kama wanatoa krediti kwa mtu aliyelelewa na lugha hiyo nyumbani au aliyesoma shule Japani, maana kuna wanaokataa. Na matokeo yatumwe na wenye mtihani moja kwa moja chuoni, skrinishoti yako hawaitaki. Baada ya wiki kadhaa fungua transkripti uone zimeingia kama lugha au kama somo la kujazia, kwa sababu ikiwa ni la kujazia, lile sharti la lugha la kuhitimu bado linakusubiri.