Somo: Kupima na kudhibiti uzito uliozidi klinikini

Mwombe ruhusa kwanza: "Mama, naomba tuzungumzie uzito wako leo, unaonaje?" Amekuja kwa ajili ya goti au presha. Ukianza na "umenenepa sana", hatarudi.

Hatua ya 1: uzito na urefu. Avue viatu na kilemba, visigino viguse ukuta. Kilo 86, urefu mita 1.60: 1.60 × 1.60 ni 2.56, na 86 ÷ 2.56 ni 33.6. Hiyo ndiyo BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa. Mjamzito usimhesabie hivi. Miguu ikiwa imevimba, chunguza moyo na figo kwanza.

Hatua ya 2: kiuno. Hapa wengi hukosea, wanapima penye mkanda wa suruali, chini ya kitambi. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Tepu ipite katikati ya hapo, juu ya ngozi, si juu ya khanga. Usome lini? Pale mgonjwa anapomaliza kutoa pumzi ya kawaida. Mwanamke akizidi sm 88 au mwanaume sm 102, hatari ya kisukari na moyo imepanda sana.

Hatua ya 3: presha na sukari. Kitambaa cha presha kikiwa kidogo kwa mkono mnene, kipimo hupanda uongo na mtu huanzishiwa dawa bure.

Hatua ya 4: dawa zake. Insulini, glibenklamidi, prednisoloni, amitriptilini na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 zinaweza kunenepesha. Tafuta mbadala, asiache mwenyewe.

Hatua ya 5: lengo. Asilimia 5 ya kilo 86 ni kilo 4.3, na hiyo tayari husaidia presha na sukari. Anzia kwenye soda, sukari ya chai na mafuta: kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, kwa hiyo apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye dumu. Atembee haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Swali: BMI yake 24 lakini ana kitambi. Nimwache?
Jibu: Hapana. Kiuno kisifike nusu ya urefu. Mwenye sm 160 abaki chini ya 80.

Swali: Anaogopa akipungua majirani watasema ana virusi.
Jibu: Usiipuuze hofu hiyo. Mwite na mume au dada yake, waelewe mpango, na apungue taratibu, nusu kilo kwa wiki. Ila anayepungua bila kujaribu mpime sukari, kifua kikuu na VVU.