Kabla Hujasema Friji ya Trela Imekufa, Pima Umeme

Ukiniletea trela la kambi nikutengenezee, niambie linafanya nini, usiniambie kimeharibika nini. "Friji imekufa" hainisaidii. "Friji inanguruma kidogo, inazima, baada ya muda inajaribu tena, na taa zinafifia kila ikijaribu": hapo nusu ya kazi umeshanifanyia. Vifaa vingi vinavyotupwa kwenye matrela haya ni vizima. Vimekosa umeme wa kutosha tu, na aliyevitupa hakupima.

Kwa hiyo hata kama tatizo lako ni maji au gesi, anza na umeme. Uwe na multimita, yaani kipima umeme (ya bei nafuu inatosha), msasa laini, spana, fyuzi za akiba, chupa ya maji yenye sabuni, na waya mrefu.

Betri kwanza. Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa, haichajiwi na haiendeshi kitu. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, ichaji leo, usingoje kesho, maana betri ya asidi ikikaa tupu salfeti hugandamana kwenye bamba zake na uwezo wake haurudi wote. Betri ya lithiamu ni habari nyingine. Volti zake hukaa karibu palepale, 13 na ushee, mpaka inapokaribia kuisha, kisha zinaporomoka ghafla. Usiihukumu kwa volti. Na ikisoma sifuri usiseme imekufa: mara nyingi ulinzi wake wa ndani ndio umejifunga, na chaja inayofaa itauamsha. Ila usiichaji ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, labda iwe na kipashio chake cha ndani.

Namba hizo za betri iliyotulia zisikulaze. Kipimo cha maana ni kile unachochukua kitu kikiwa kinafanya kazi.

Mzee mmoja alikuja na friji ya kompresa yenye dalili hizo nilizotaja mwanzo. Alikuwa ameshanunua betri mpya, na macho yake yalikuwa kwenye friji mpya. "Fundi, hii tuitoe tu," akaniambia. "Bado, mzee wangu, tuiulize kwanza." Betri ilisoma 12.5 friji ikijaribu kuwaka. Nyuma ya friji, wakati huohuo, nilipata 10.4. Volti mbili na kitu zimepotelea njiani! Zimepotelea upande upi? Nikaweka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya friji, yeye akawasha. Ikasoma 1.9. Njia nzima ya hasi ingetakiwa isome karibu na sifuri. Upande wa chanya ulikuwa na 0.2 tu, hauna kesi.

Tukafuata waya wa hasi mpaka chini ya sakafu, ulipofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kwa macho ulikuwa umekaza vizuri. Nilipofungua, kichwa cha waya kilikuwa kimekalia rangi, na pale rangi ilipobanduka pameota kutu. Msasa mpaka chuma kikang'aa, kaza, paka grisi juu kuzuia maji. Friji ikawaka na kuendelea kunguruma, na mzee akabaki na betri mbili.

Hiyo mbinu ya kupima ncha hadi ncha kifaa kikiwa kimewaka ijue vizuri, maana inatumika kwa pampu, feni, taa, kila kitu. Kama waya wa multimita haufiki, ndiyo kazi ya ule waya mrefu. Ukiona zaidi ya nusu volti upande wowote, kuna muungano mbovu au waya mwembamba kuliko mzigo. Ukipima bila kuwasha kifaa, utasoma volti safi kabisa na utadanganyika, kwa sababu muungano mbovu hauli volti mpaka mkondo upite.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya ukubwa uleule. Ikikatika tena, kuna waya uliochubuka au kifaa kinachovuta kupita kiasi, kitafute. Wapo wanaoweka ya 30 mahali pa 15 "ili isisumbue". Fyuzi inalinda waya, na ukiweka kubwa, waya ndio utakaoungua kabla yake, ndani ya ukuta wa mbao na sponji, nanyi mmelala.

Sola isiyochaji: angalia kivuli kabla ya kufungua chochote, kwani tawi dogo juu ya paneli laweza kula sehemu kubwa ya umeme. Ukifunga upya kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri, kwa kawaida betri huunganishwa kwanza, paneli baadaye.

Pampu ya maji husema ugonjwa wake kwa sauti. Ikiwa kimya kabisa, rudi kwenye umeme. Ikizunguka bila kuleta maji, tangi ni tupu, au chujio la kuingilia limeziba, au inavuta hewa kabla ya pampu: kikombe cha chujio hakijakaza, bomba limelegea. Upande huo wa kuvuta hauvuji maji, hunyonya hewa, ndiyo maana watu hawaoni kitu. Na ikishtuka usiku, tk-tk-tk, bomba zote zimefungwa, shinikizo linatoroka mahali. Pitisha karatasi kavu kwenye kila muungano. Zote zikiwa kavu, vali ndani ya pampu inarudisha maji tangini, na hiyo hubadilishwa bila kutupa pampu nzima.

Gesi naiongelea kwa adabu. Ukiinusa, funga mtungi, toka nje, acha milango wazi, usiguse swichi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujaa kuanzia sakafuni, kwa hiyo tundu za hewa zilizo chini ya trela usizizibe hata kama zinaleta baridi. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko likiwaka kinyonge na mtungi umejaa, huenda ulifungua vali kwa pupa na kizuizi cha usalama kikajifunga: zima kila kitu, funga mtungi, subiri kidogo, fungua taratibu. Penye baridi kali, jua kwamba butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, wakati propani inaendelea mpaka 42 chini ya sifuri. Moto wa njano wenye masizi unaonyesha uchafu, na buibui wanapenda sana kujenga ndani ya jeti, kile kitundu kidogo kinachotoa gesi. Moto ukizima ukiachia kitufe, shuku themokapo, kile kijiti kinachohisi joto la moto na kuiweka gesi wazi: safisha ncha yake na hakikisha imekaa ndani ya mwali. Kengele ya kaboni monoksidi isikosekane ndani. Kufungua regyuleta (kipunguza shinikizo la gesi) na mabomba mwachie fundi wa gesi.

Friji ya gesi, ile isiyo na kompresa, inataka trela limesimama sawa, na inataka saa nyingi kabla ya kupoa. Usiilaumu jioni uliyoiwasha. Ukinusa amonia au ukiona unga wa njano nyuma yake, hapo kweli imekufa. Ikipoa kwa gesi lakini si kwa volti 12, rudi kwenye multimita: kipashio chake kikipungukiwa asilimia kumi ya volti zake, joto hupungua karibu moja ya tano.

Taa za nyuma zikifanya vituko, indiketa ikiwaka na breki inapepesa, ni erthi ya plagi, kwa kawaida waya mweupe. Safisha vijiti vya plagi pande zote mbili, kaza. Ukijaribu, washa taa za usiku na indiketa kwa pamoja, kisha mtu akanyage breki wewe ukiwa nyuma, maana taa moja ikiwaka peke yake ubovu huo haujitokezi.