Kufuga samaki kipepeo nyumbani: kazi kubwa ni kumlisha

1. Aina. Anza na Chaetodon auriga: mweupe, mistari ya mshazari ubavuni, manjano nyuma, utepe mweusi machoni. Yumo kwenye miamba ya pwani yetu, hukua hadi sentimita 20 hivi, na si mchaguzi sana. C. trifascialis na C. meyeri waache hata ukipewa bure. Hao huishi kwa matumbawe hai, na kwenye tangi hufa njaa huku chakula kimejaa.

2. Tangi. Lita 400 kwenda juu, liwe limeendeshwa miezi kadhaa, na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) inayofanya kazi. Nyuzi 25 hadi 27, uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na maji baridi 1.025, amonia na naitraiti (sumu zitokanazo na uchafu wa samaki) sifuri. Pima chumvi kwa refraktometa, kifaa kinachosoma chumvi kwa kupinda kwa mwanga. Kile kipimo cha plastiki chenye mshale hudanganya, kwani kiputo kimoja kikinata kwenye mshale kinaupandisha. Usiweke matumbawe unayoyapenda, atayadonoa.

3. Dukani. Mwambie muuzaji amlishe ukiangalia. Asipokula, ondoka. Angalia pia paji, juu ya macho: likiwa limebonyea, ameshakonda mno. Sentimita 8 hadi 12 ndiyo saizi nzuri.

4. Karantini. Wiki nne, tangi la pembeni lisilo na mchanga, vipande vya bomba la PVC vya kujificha. Minyoo ya ngozi na matamvua: dawa ya minyoo prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, rudia baada ya wiki moja, maana mayai hayafi kwa dozi ya kwanza. Zima skima, ongeza hewa.

5. Kumlisha. Hapa ndipo wengi huwapoteza. Siku ya kwanza punguza taa, usimpe kitu. Siku ya pili mpe chaza au kombe aliyefunguliwa, nyama ikiwa bado kwenye gamba, umlaze chini. Kipepeo hutafuta mlo kwenye nyufa. Kinachoelea mbele ya pua mara nyingi hakitambui kuwa ni chakula. Kwa hiyo saga kamba wa baharini, ukandamize kwenye matundu ya kipande cha tumbawe lililokufa. Artemia hai (vijidudu vya maji ya chumvi mfano wa kamba) humwamsha kwa kuchezacheza, ila lishe yake ni duni, usimzoeshe.

Usihesabu mara anazodonoa. Mwingine huchukua, hutafuna, hutema. Hapo vipande ni vikubwa: katakata hadi vifikie ukubwa wa punje ya mtama. Ushahidi ni kinyesi na tumbo linalojaa.

Toa mabaki baada ya saa mbili. Chaza anayeoza kwenye tangi la karantini la lita 80 hupandisha amonia usiku mmoja, na samaki akiwa kwenye maji yenye amonia hagusi chakula, nawe utadhani amekataa chakula.

Akishakula chaza, changanya misisi (vijikamba vidogo) wa barafu kidogo kidogo, kisha mwani mkavu, mwisho chembe za dukani zilizolowekwa. Milo midogo mitatu au minne kwa siku. Asipogusa kitu siku tano, pima amonia kwanza, halafu angalia kama anajikwaruza au macho yana ukungu, kabla ya kubadilisha chakula.

6. Kumhamisha. Mpeleke tangi kubwa taa zikiwa zimezimwa. Samaki kangaja wakali wasitangulie kuingia. Wakitangulia watamfukuza kwenye kila mlo.