SOMO: Kuanzisha uanachama wa kulipia mtandaoni kwa biashara ndogo (hatua ya 5 isome mara mbili)

Wakuu, kila wiki napata ujumbe unaouliza jambo lile lile: "Nina biashara ndogo, wateja wananipenda, nifanyeje wawe wananilipa kila mwezi?" Nimemjibu mmoja mmoja kwa miaka miwili na nimechoka. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamleta huku.

Mimi nafundisha upigaji picha. Wanachama wangu hulipa ada na hupata kitu kimoja: wananitumia picha zao, nazikosoa moja baada ya nyingine mbele ya wenzao. Mifano yangu itatoka humo. Mshonaji au mwalimu wa lugha ataona mwenyewe inavyomhusu.

1. Uwe na watu kwanza. Nawazungumzia walionunua kwako zaidi ya mara moja bila kubembelezwa. Kama hawapo, endelea kuuza bidhaa, hili subiri nalo.

2. Andika ahadi moja, kwa sentensi moja. "Kila wiki utajua picha yako ina kasoro gani na utairekebishaje." Hiyo ndiyo yangu. Watu huorodhesha mambo kumi wakidhani wingi ndio unaovutia, kumbe kila ulichoandika utadaiwa kila mwezi, hata mwezi unaougua. Amazon, wale wa duka la mtandaoni, walipoanzisha uanachama wao wa kulipia uitwao Prime mwaka 2005 walikuwa na ahadi moja: mzigo ndani ya siku mbili bila kulipia usafirishaji kila mara. Video ziliongezwa 2011, miaka sita baadaye. Kampuni yenye fedha zile ilianza na jambo moja, wewe mwenye mikono miwili unaanza na kumi ya nini?

3. Uza kabla ya kujenga. Waandikie wateja 20 hadi 30 kwa majina yao, si tangazo la jumla, uwaambie ahadi, ada na siku ya kuanza, kisha uwaombe walipe. Wakilipa hata 10, anza. Wakikusifia bila kulipa, hilo nalo ni jibu, lipokee. Usipoanza siku uliyosema, rudisha fedha zote.

4. Chagua mfumo unaokata ada wenyewe kila mwezi na unaokuruhusu kupakua orodha ya barua pepe za wanachama. Mengine yote ni mapambo.

5. Panga ada: ya mwezi na ya mwaka, basi. Hapa ndipo nilipoanguka.

Mwezi wa tatu nilikuwa na wanachama 41 na nilihitaji fedha za taa mpya. Nikatangaza "uanachama wa maisha": lipa mara moja ada ya miezi 15, ubaki ndani daima. Wakanunua 26 ndani ya siku nne, 19 kati yao wakiwa wanachama wangu wale wale wa kila mwezi. Taa nikanunua. Mwezi uliofuata makusanyo yakashuka karibu nusu, na ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Kufikia mwaka wa pili wale 26 ndio waliokuwa wakileta picha nyingi kuliko wote, tena kwa haki yao kabisa, na saa nilizotumia kuwahudumia hazikuwa na malipo yoyote. Wapya waliokuwa wakilipa kila mwezi wakawa wanangoja majibu siku kumi. Wakaondoka. Yaani niliowapoteza ni wale waliokuwa wakinilisha.

Nilishauriwa niwafute wale 26 kimyakimya. Nilikataa na ningekataa leo pia. Ahadi ni deni. Nilichofanya ni kuacha kuuza nafasi hizo na kuomba ridhaa ya wote tuweke kikomo cha picha mbili kwa wiki kwa kila mtu. Wale 26 bado nawahudumia.

ONYO: usiuze "maisha" kama huduma yako inakula muda wako kila mwezi. Masomo yaliyokwisha kurekodiwa ni habari nyingine.

ONYO: ada ya mwaka si yako yote siku unayoipokea. Igawe kwa 12, uguse fungu moja kila mwezi. Mtu aliyelipa leo, mwezi wa saba bado anakudai jasho, na akitaka kurudishiwa kilichobaki kisiwe kimeliwa. Wengi hutoza mwaka kwa bei ya miezi 10, nami hufanya hivyo.

ONYO: usiwape wapya ada iliyo chini ya wanayolipa wa zamani. Watajua, na hawatakuambia. Watatoka tu.

6. Siku ya kwanza mpe mwanachama kazi ndogo ya kufanya, siyo ukurasa mrefu wa kusoma. Kwangu ni hii: "Tuma picha moja usiyoipenda." Asiyetuma ndani ya wiki moja namwandikia mimi mwenyewe.

7. Hesabu wanaotoka. Ukipoteza 8 katika kila 100 kila mwezi, mwaka ukiisha katika wale 100 wa mwanzo watakuwa wamebaki 37 hivi. Ukipoteza 3, watabaki 69. Usilipie tangazo kabla ya kujua uko wapi kati ya hapo, utakuwa unachota maji kwa pakacha. Tena watenganishe: wapo waliochoka, na wapo ambao kadi iliisha muda au salio halikutosha. Hawa wa pili hawajakuacha. Uweke mfumo ujaribu kukata tena baada ya siku chache, na uwatumie ujumbe wa upole kuwaarifu.

8. Kutoka kuwe rahisi kama kuingia. Ujerumani tangu Julai 2022 sheria inataka tovuti ziwe na kitufe cha kuvunja mkataba wa aina hii. Wewe usingoje sheria. Na mwenye ada ya mwaka mkumbushe wiki mbili kabla ya kukatwa upya.

Maswali yaje.

MASWALI YA WANACHAMA

Haraka Haraka: Mkuu somo zuri. Kwa hiyo niweke ada kiasi gani?

Mtoa somo: Hukusema unauza nini wala unamuuzia nani. Rudi hatua ya 3, wateja wako ndio watakaokujibu.

Muuza Mbegu: Ndugu, siwezi kuanza na kikundi cha WhatsApp tu? Wateja wangu wote wako huko.

Mtoa somo: Kuanza unaweza, hata mimi nilianza hivyo. Fahamu mawili. Kwenye kikundi namba ya kila mtu huonekana na wenzake, kwa hiyo waombe ruhusa kabla ya kuwaingiza. Pili, WhatsApp haijui nani kalipa, wewe ndiye utakayemtoa asiyelipa kwa mkono wako, na siku utakayomtoa mtu kwa makosa utaikumbuka. Kikomo cha kikundi ni watu 1,024, lakini utachoka kabla hujafika 60. Mbegu zako zina msimu?

Muuza Mbegu: Ndiyo, miezi minne watu hawanunui kabisa.

Mtoa somo: Basi usiuze mbegu kwa mwezi, uza msimu. Ada moja kwa msimu mmoja: lini wapande, lini wapalilie, na jibu wakikuletea picha ya jani lenye ugonjwa. Miezi ile minne pumzika bila kumkata mtu chochote. Watarudi kwa hiari.

Mwalimu wa Gitaa: Asante sana. Nimefikiria kuweka ada ndogo mno ili waingie wengi. Kuna ubaya gani?

Mtoa somo: Swali zuri hili. Ubaya umo kwenye makato. Kampuni nyingi zinazopitisha malipo ya kadi huchukua asilimia fulani pamoja na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, na hicho kisichobadilika ndicho kinachoila ada ndogo. Desemba 2017 Patreon, mtandao ambao watu huwachangia wasanii na watunzi wanaowapenda, walitangaza kwamba wachangiaji wataongezewa 2.9% na senti 35 kwa kila mchango. Aliyekuwa akichangia dola 1 angelipa dola 1.38, wakati wa dola 100 asingeona tofauti kubwa. Watu walikasirika, wengi wakafuta michango, na baada ya wiki moja hivi kampuni ikaomba radhi na kuuondoa mpango ule. Ukitaka ada ndogo, ikusanye kwa miezi mitatu au kwa mwaka, ili ukatwe mara chache. Halafu jiulize jambo jingine: wanafunzi 200 wa ada ndogo utawasikiliza saa ngapi wakipiga gitaa?

Mwalimu wa Gitaa: Hilo la saa sikuliwaza. Nadhani naweza 25.

Mtoa somo: Basi panga ada ukianzia na wanafunzi 25. Nafasi zikijaa, weka orodha ya wanaosubiri.

Haraka Haraka: Nimeona uanachama wa maisha unaleta fedha haraka, watu 26 kwa siku nne! Naanza na huo.

Mtoa somo: Umesoma sentensi moja ukaacha aya nzima. Isome.

Mpita Njia: Wewe mwenyewe ulikosea, leo unatufundisha?

Mtoa somo: Ndiyo. Nililipia kosa hilo kwa miaka, na nimeliandika lote ili wewe usililipie. Kama kuna hatua unaiona si sahihi, itaje kwa namba tuijadili.

Mshonaji: Nitengeneze programu ya simu kabisa? Kuna kijana ananiambia itaonekana ya maana.

Mtoa somo: Bado, dada. Ukiuza uanachama ndani ya programu ya iPhone, kiwango cha kawaida cha Apple ni 30% mwaka wa kwanza wa kila mwanachama na 15% baadaye. Tangu 2021 wenye mapato madogo wanaweza kuomba 15% toka mwanzo. Bado hujamlipa kijana wa kuitengeneza na kuifanyia matengenezo. Tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu inatosha.

Mpika Sabuni: Naongezea kidogo. Anayetoka mimi humuuliza swali moja tu: "Ulitarajia kupata nini?" Siombi arudi. Nimejifunza mengi hapo kuliko kwenye madodoso.

Mtoa somo: Hili nalichukua. Mimi nilikuwa nauliza "kwa nini unaondoka?" na wote wanajibu "fedha".

Mwalimu wa Gitaa: La mwisho. Wanachama wasiosema chochote niwafanyeje? Niwasukume?

Mtoa somo: Waulize, usiwasukume. Nilikuwa na mama mmoja, miezi 14 hakutuma hata picha moja. Nilimwandikia nikitaka kumshauri aache kulipa, maana niliona kama namla bure. Akajibu kwamba kila Jumapili husoma ukosoaji wa picha za wenzake akiwa na kamera mkononi, na hurekebisha zake kimyakimya. Akaniambatishia picha sita. Niliomba ruhusa nizioneshe kwa wengine, akakubali moja tu.