Namna ya Kutayarisha Maji ya Chumvi ya Asilimia 0.9

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anayeanza masomo pale Njoro, karibu na Nakuru, hana budi kuizoea kazi hii mapema, kwa kuwa ndama anayeharisha hupoteza maji na chumvi kwa pamoja. Pima gramu 9 za sodiamu kloraidi, yaani chumvi, uzimimine katika bika (chombo cha kioo cha maabara) yenye mililita 800 hivi za maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, ukoroge mpaka chembe zote ziyeyuke. Hapo ndipo uhamishie myeyusho kwenye chupa ya shingo ndefu yenye alama ya lita 1, usuuze bika na kumimina masuuzo humo humo, kisha uongeze maji polepole, jicho likiwa sambamba na alama, hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse mstari. Wengi hutia chumvi katika lita nzima ya maji, na ujazo ukazidi.

Ukigawanya 9 kwa 58.44, yaani uzito kwa gramu wa moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) ya chumvi hii, utapata moli 0.154. Kila moli hutoa moli mbili za ioni (chembe zenye chaji ya umeme), yaani takriban moli 0.308 kwa lita, kiwango kinachokaribia kile cha chembe zilizoyeyuka katika damu. Ndiyo maana seli nyekundu hazivimbi wala hazinywei humo. Myeyusho huu haujatakaswa vijidudu, kwa hiyo usimdunge mnyama.