Bosi akikwambia ripoti yako haiko "up to scratch", anamaanisha nini na wewe utalitumiaje

Scratch wengi tunaijua kwa mambo mawili, kujikuna na kukwangua vocha, ndo maana bosi akikuandikia imeili "your report is not up to scratch" unabaki umekodoa macho, ripoti na kujikuna wapi na wapi. Anachosema ni kwamba haijafikia kiwango, kairudie.

Ukitaka neno likae kichwani, vuta picha ya ngumi za zamani kule Uingereza. Enzi hizo watu wanazichapa mikono mitupu, glavu hakuna, na raundi haikuwa na dakika, inaisha pale mtu anapodondoka. Katikati ya ulingo kumechorwa mstari, huo mstari ndo scratch. Sheria za London za 1838 zilitaka hivi: mtu akianguka anapewa sekunde 30 apumue, halafu sekunde 8 awe ameshafika mstarini kwa miguu yake, sio kubebwa na wasaidizi wake, asipofika basi kapigwa. Na walikuwa wanafika kweli! 1889 kule Mississippi, Marekani, mabondia John L. Sullivan na Jake Kilrain walikwenda raundi 75, zaidi ya masaa mawili kwenye jua la Julai, mpaka upande wa Kilrain ukarusha sponji, yaani wamekubali kushindwa.

Sasa kulitumia. Liweke kwenye kitu ambacho watu wana kiwango wanachokitegemea, kama huduma, breki za gari, Kiingereza cha mtu. Waingereza wenyewe mara nyingi wanakanusha nalo, au wanaliwekea "bring" mbele wakimaanisha kurekebisha kitu mpaka kifikie, kwa hiyo bosi unaweza kumjibu "I'll bring it up to scratch by Friday" na atakuelewa vizuri tu. Ila usilitumie kusifia kitu babkubwa, maana linasema kimefika, halisemi kimepitiliza. Ukimwambia shemeji pilau lake liko up to scratch umemwambia linalika, na hapo usishangae siku nyingine ukikuta ukoko.

Halafu kuna "from scratch", hii tunaichomeka mpaka kwenye Kiswahili chetu, "biashara nimeianza from scratch". Nayo ni mstari ila sio wa ngumi, ni wa mbio. Kwenye mbio za kupeana nafasi wale wasio na kasi walisogezwa mbele kidogo ili kuwe na ushindani, na yule mkali anaanzia kwenye mstari wenyewe, hajapewa hata hatua moja ya bure, ndo ikawa kuanza sifuri. Kwa hiyo keki ya from scratch ni ile umepima unga na baking pauda mwenyewe, ile ya pakiti unayoongeza mayai na maji tu hapana, hapo ulishasogezwa mbele.