Bunduki ya Kijeshi Iliyogeuzwa ya Uwindaji: Namna ya Kuikagua Kabla ya Kuinunua

Bunduki kongwe za kijeshi zilizochongwa upya zikawa za uwindaji bado hujitokeza katika mwambao wetu, hasa mwenye cheti anapofariki na warithi wake wakataka kuuza, au mkaazi wa zamani anapohama Malindi na kupunguza vitu vyake. Aina utakayokutana nayo mara nyingi ni Lee-Enfield ya Waingereza, ile waliyobeba askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, na mara moja moja Mauser ya Kijerumani ya mtindo wa 1898. Baada ya vita vikuu viwili vya dunia silaha hizi ziliuzwa kwa bei ya chini, nao mafundi wakakata mbao za mbele, wakafupisha mitutu, wakaondoa kishikio cha singe na kufunga darubini, ili mtu wa kawaida apate bunduki ya mawindo kwa gharama anayoimudu. Mnunuzi wa leo hana budi kujua ni nini kilichokatwa, kimekatwa kwa mkono wa nani, na kama kinarudishika.

Karatasi zitangulie. Nchini Kenya huruhusiwi kupokea bunduki, hata ya urithi, bila cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kwa hivyo mkague muuzaji kabla hujaikagua silaha yake. Nambari iliyomo katika cheti chake ilingane na iliyochongwa kwenye chuma, na ukiona imekwanguliwa au kupigwa upya, mazungumzo yaishie hapo. Ujue pia unainunua kwa kazi gani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, kwa hivyo mnunuzi wa huku ama ni mpiga shabaha wa uwanjani ama ni mkusanyaji, ilhali mwenzake wa Tanzania, ambako uwindaji wa leseni ungalipo, anaweza kuihesabu kuwa chombo cha kazi. Mkusanyaji hulipia uasili, na bunduki iliyokatwa imekwisha kuupoteza. Mwindaji hulipia mtutu mzima na bolti (chuma kinachoteleza kuufunga mtutu kwa nyuma) inayofunga sawasawa, na hajali singe ilikuwa ikikaa wapi.

Katika kupima kilichokatwa, anza na mtutu. Lee-Enfield ya mtindo wa Nambari 1 Alama ya III ilitoka kiwandani na mtutu wa sentimita 64 hivi, kwa hivyo chukua futi kamba na upime kutoka uso wa bolti iliyofungwa hadi mdomoni. Ukikuta mbao za mbele ndizo pekee zilizokatwa, na mtutu, vilengeo na bodi ya chuma inayobeba bolti havikuguswa, umepata bunduki inayoweza kurudishwa katika umbo lake kwa kutafuta mbao nyingine. Mtutu ukiwa umefupishwa kwa msumeno wa chuma, au bodi ikiwa imetobolewa kwa keekee ili kufunga darubini, hilo halirudi, na bei ishuke ipasavyo hata kama darubini yenyewe ni ya thamani. Wako wauzaji wanaoihesabu darubini kama nyongeza ya bei, ilhali kwa mkusanyaji matundu yake ndiyo yaliyoipunguza.

Kazi ya kiwanda nayo itenganishwe na kazi ya uani. Parker-Hale wa Birmingham walitengeneza bunduki za uwindaji kutokana na silaha za kijeshi kwa ustadi, na za namna hiyo zina heshima yake sokoni. Ukiambiwa mbele yako ni Lee-Enfield Nambari 5, ile fupi ya msituni iliyoanza kutengenezwa mwaka 1944, usiamini haraka, maana nyingi ni Nambari 4 zilizofupishwa na kuvishwa kizuia mwako mdomoni. Ya kweli ina sehemu za chuma zilizochimbwa kiwandani ili kupunguza uzito, kwenye bodi na kwenye shina la mtutu lililofichwa na mbao. Kwa upande wa Mauser, uliza kama imebadilishwa ili itumie risasi ndefu kuliko ile ya asili ya milimita 7.92 kwa 57. Fundi asiye makini huipa nafasi risasi hiyo ndefu kwa kukwangua chuma cha mbele ya magazini, nacho ndicho kinachoegemewa na jino la chini la bolti. Mauser ya namna hiyo mimi singeinunua kwa bei yoyote.

Sasa kutu, ambayo huku kwetu ndiyo hakimu mkali kuliko wote. Hewa ya chumvi ya Lamu na Malindi hula chuma kilichowekwa kabatini kwa mwaka mmoja bila mafuta, na risasi za kijeshi za zamani zilizidisha balaa: fataki zake, yaani viwashio vilivyo takoni mwa risasi, ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu, ndiyo maana askari walifundishwa kuumiminia maji ya moto kabla ya kuupaka mafuta. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, kisha upitishe kitambaa kikavu, kwa kuwa mafuta mazito hujaza vishimo na kuuonyesha mtutu kama mpya. Elekeza upande mmoja kwenye karatasi nyeupe iliyo juani, uchungulie upande wa pili. Michirizi ya ndani iwe na kingo kali kuanzia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, hadi mdomoni. Ukiona duara jeusi mahali pamoja, mtutu umevimba, yaani kitu kiliwahi kuziba njia risasi ikipita. Vishimo vichache vilivyotawanyika havizuii kulenga vizuri, lakini ukikuta chemba imeliwa, iache. Halafu omba skrubu zifunguliwe na mbao ziondolewe, kwani kutu mbaya kabisa hukaa chini ya mbao, mahali ambapo jasho la bahari huingia wala kitambaa hakifiki. Muuzaji akikataa, basi amekwisha kukujibu.

Mihuri isomwe moja moja. Herufi DP kwenye Lee-Enfield zina maana kwamba jeshi liliiweka kuwa ya gwaride na mafunzo pekee, na bunduki hiyo haifai kupigwa risasi hata ikiwa inang'aa. Nambari ya bolti ilingane na ya bodi. Zikitofautiana, sharti fundi apime nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na tako la risasi, na hata zikilingana ningependa ipimwe. Kwa risasi ya .303, ile ya Lee-Enfield, bolti ifunge juu ya geji (kipande cha chuma cha kupimia) ya inchi 0.064 na ikatae kufunga juu ya ile ya 0.074. Nambari 4 ina nafuu hapa, kwa kuwa kichwa cha bolti yake hubadilishwa, nacho kilitengenezwa kwa vipimo vinne, kuanzia 0 hadi 3.

Juu ya mbao sitasema mengi, kwa sababu Lamu haijapungukiwa na maseremala. Tahadhari ni kwamba mbao za Lee-Enfield hazikuwekwa kwa urembo: zinaubana mtutu mahali maalumu, na aliyezikata nusu huenda ameuharibu ulengaji bila kujua. Fundi wa milango aweza kukuchongea kitako kizuri cha kuvutia wageni, lakini sehemu inayokutana na bodi ya chuma apewe fundi wa bunduki.

Risasi za .303 bado zinatengenezwa, kwa mfano na Prvi Partizan ya Serbia na Sellier & Bellot ya Ucheki, lakini muulize muuza silaha mwenye leseni kama anazo na kwa bei gani kabla hujaafikiana na mwenye bunduki. Kwa iliyobadilishwa kipenyo, usitegemee maneno ya mtu: fundi apime chemba.

Mwisho, omba ipigwe kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, fundi akishaipitisha, kwa risasi mpya za kiwandani. Yaokote maganda uyatazame. Ganda lenye mstari unaong'aa kulizunguka juu kidogo ya tako linaonyesha kwamba nafasi ya bolti ni kubwa na ganda linakaribia kukatika, na fataki iliyotoboka au kusukumwa nyuma inahitaji maelezo ya fundi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Maganda yakitoka laini na matundu yakakusanyika pamoja kwenye karatasi, taja bei yako, ukiwa umekwisha kuondoa gharama ya kila kilichokatwa kisichorudi.